Tairi Pana Halinunuliwi Peke Yake

Mtu anayetaka kuivisha pikipiki yake aina ya kruza gurudumu la mbele lililo pana zaidi huanza na hesabu fupi: rimu moja, tairi moja, fundi mmoja, Jumamosi moja. Chukua Yamaha V-Star 650. Kiwanda kiliitoa kwa sura mbili kuu: Custom, yenye tairi jembamba la mbele la 100/90-19, na Classic, yenye tairi lililonona la 130/90-16. Mwenye Custom akisimama kwenye taa za barabarani karibu na Classic, roho humtoka. Injini ni ile ile, tatizo liko wapi? Tatizo ni kwamba tairi pana ni mgeni aliyealikwa peke yake akaja na ukoo mzima. Kulivisha kwenye rimu nyembamba ni kulibana mashavu hadi mgongo upande juu, kwa hiyo inatakiwa rimu yake. Rimu inakuja na habu yake, habu inadai busheni zake, diski ya breki inahama milimita chache na kukataa kuingia kwenye kalipa, madigadi ya zamani inalamba mpira, na mwisho foku zenyewe zinaonekana zimesogeleana mno. Kufikia hapo muungwana huyu hana tena gurudumu jipya. Ana nusu ya Classic, aliyoinunua vipande vipande kwa bei ya rejareja.

Watetezi wa upana watasema tairi nene hushika barabara zaidi. Hoja hiyo ina sauti ya kisayansi, ila eneo la mpira linalogusa lami huamuliwa zaidi na uzito ulio juu yake na upepo uliomo ndani. Yakibaki yale yale hayo mawili, upana hubadilisha umbo la eneo hilo kuliko ukubwa wake. Pikipiki nayo hukata kona kwa kulala. Tairi likiwa pana, sehemu inayogusa lami husogea mbali zaidi na katikati, na dereva hulazimika kuilaza zaidi ili apate kona ile ile. Kruza, ambayo pedali zake za miguu ziko chini na huanza kukwangua lami mapema, ndiyo pikipiki ya mwisho kuombwa ilale zaidi. Tena duara limepungua: kwa vipimo vilivyoandikwa ubavuni mwa matairi, 130/90-16 ni fupi kuliko 100/90-19 kwa takriban milimita 22. Kwa foku iliyolala nyuzi 35, hiyo inakata kama milimita 8 katika ule umbali unaosaidia gurudumu kujinyoosha lenyewe. Si msiba, lakini hakuna aliyetoa pesa ili apunguziwe.

Basi mbona Harley-Davidson waliipa Fat Boy ya 2018 tairi la mbele la milimita 160? Kwa sababu mwaka huo waliichora fremu upya na kuvipanga foku, madigadi na gurudumu pamoja, kabla ya kuuza hata moja. Kilichofanywa na wahandisi mezani hakifanywi na spana chini ya mwembe. Nakubali jambo moja: tairi nene lina hewa nyingi zaidi, na kwenye mashimo mikono hulishukuru. Mwenye Custom angesema anatafuta starehe ya viganja, nisingebisha. Lakini anayeuliza bei ya tairi pana huwa ameshasimama hatua tano mbele ya pikipiki, kichwa amekiinamisha upande, akiipima kwa macho.

Na bado kuna spidomita ya Custom hiyo. Inaendeshwa na waya kutoka gurudumu la mbele, na giya yake ilipigiwa hesabu kwa duara la inchi 19. Asipoibadilisha, gurudumu dogo litazunguka mara nyingi zaidi kwa mwendo ule ule, na akienda kilomita 100 kwa saa mshale utamsifu kwa 103 na ushee. Sifa hizo ni tamu hadi siku ya kuuza, mnunuzi atakapoisoma odomita na kumkata bei kwa ajili ya kilomita 350 katika kila 10,000 ambazo pikipiki haikuzitembea.