Pistoni Mezani Jikoni

Hapa Mafinga, mji unaoishi kwa mbao za Sao Hill, watoto hulala huku misumeno ya mnyororo ikinguruma na hakuna anayeshtuka. Lakini wengi wetu tunaijua kwa sauti tu. Msumeno ukifa, mwenyewe hununua mwingine, na ule wa zamani hukaa stoo hadi wapite wanunuzi wa vyuma chakavu. Ndivyo baba watoto alivyoupata wetu: Husqvarna 61, rangi ya chungwa imefifia, kamba ya kuwashia haipo, shilingi 90,000. Muuzaji aliapa kwamba unadai plagi tu.

Hakuununua ili akate miti. Binti yetu anasoma ufundi wa magari, na alikuwa amerudi likizo na malalamiko kwamba darasani injini moja huzungukwa na kundi zima, na wasichana huishia kushika tochi. Baba yake akamwekea msumeno miguuni. "Huu ni wako. Ufungue mpaka uuelewe. Ukishindwa kuufunga, hakuna atakayekudai."

Ilikuwa Desemba, mvua haikatiki na kibanda cha nyuma kinavuja. Kwa hiyo kazi ikahamia mezani jikoni kwangu.

Mdogo wangu wa kiume, mjomba wao, ana jina mtaani kwa kutengeneza pikipiki, naye akaja kusimamia. Walipofungua ekzosi, binti akamulika ndani na kuniita nichungulie. Pistoni ilikuwa na michirizi mirefu upande wa ekzosi, kana kwamba imekwanguliwa kwa msumari. Injini ilikuwa imenoki. Mjomba akatoa hukumu papo hapo: waliiendesha kwa petroli tupu. Injini ya aina hii haina sampu ya oili kama ya gari. Oili yake huchanganywa ndani ya petroli yenyewe, na kwa oili nzuri ya injini za tu-stroki huwa mililita 20 kwa kila lita moja. Akaandika karatasi ya vipuri: pistoni ya milimita 48, ringi, pini, klipu zake. "Leteni hivi, kesho inaunguruma."

Binti akakataa. "Mjomba, ikikosa oili inaacha michirizi hii. Ikivuta hewa mahali isipotakiwa, petroli inapungua, oili inapungua nayo, joto linapanda, inaacha michirizi hiyohiyo. Tukifunga pistoni mpya bila kujua ni lipi, tutaiua na hii."

Mjomba hakupenda. Amefungua injini tangu binti huyu hajazaliwa, na kubishiwa jikoni mbele ya dada yake si jambo dogo. Baba watoto alijifanya anatafuta redio. Mimi nikasema mtoto apewe nafasi, maana msumeno ni wake.

Jinsi alivyopima ndiyo sehemu ninayoisimulia kila nipatapo nafasi. Alivunja kaure ya plagi mbovu, akabaki na kile chuma chenye uzi, akagundisha humo nozeli ya tyubu ya baiskeli. Akaziba tundu la ekzosi kwa kipande cha mpira, na upande wa kabureta vilevile, akiuacha mahali pake ule mpira unaounganisha kabureta na silinda. Akaishusha pistoni hadi chini kabisa, kwa sababu hapo njia za pembeni hufunguka na hewa ya silinda hufika hadi tumboni mwa injini. Kisha akaniomba povu.

Mimi ni mtengeneza sabuni. Povu kwangu halikosekani. Nikalikoroga zito, akapaka kwa brashi kila kiungo: kwenye sili za kranki pande zote mbili, chini ya silinda, kuzunguka mpira. Mjomba akashika pampu ya baiskeli, akapampu taratibu kama alivyoelekezwa, kwa kuwa presha kubwa huzisukuma sili zikatoka. Sili zikatulia. Chini ya silinda kukatulia. Kwenye ule mpira wa kabureta, upande wa chini usioonekana ukiwa umefungwa, kikapanda kipovu kimoja, kikafuatiwa na kingine, mpaka vikawa kishada. Ulikuwa umepasuka. Ndipo hewa ilipokuwa ikiingilia, na ndipo pistoni ilipofia. Mjomba akauchomoa, akaukunja na kuutazama ufa kwa muda. Kisha akaongeza mstari kwenye ile karatasi yake: mpira wa kabureta. Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko siku zote alizokuwa sahihi.

Silinda yenyewe ilikuwa imechafuka kwa aluminiamu ya pistoni iliyoyeyuka na kuganda ukutani. Mafundi wengi hutupa silinda kama hiyo, nayo ndiyo kipuri cha bei kubwa. Lakini ukuta wa ndani huwa na tabaka gumu la nikeli au kromu, na kostiki soda huila aluminiamu bila kuligusa tabaka hilo. Kostiki soda ninayo, ndiyo kazi yangu. Mjomba alipotaka kuikorogea kwenye sufuria nilimnyang'anya: sufuria zetu ni za aluminiamu, na soda ingeitoboa huku ikitoa gesi inayoshika moto. Nikavaa glavu na miwani, nikatia maji kwenye ndoo ya plastiki kwanza, ndipo soda, kamwe si kinyume chake. Binti akapaka kidogokidogo kwa pamba kijitini, juu ya madoa peke yake, mbali na kingo za matundu ambako aluminiamu ya silinda iko wazi. Ikachemka, akasuuza, akarudia. Ukuta ukatoka laini, tabaka lake zima.

Vipuri vilipofika kutoka Iringa, mimi nilikuwa nachambua maharage ya usiku mezani, upande wangu. Pini ya pistoni huzuiwa na klipu mbili, vijichuma vyembamba vyenye nguvu ya kuruka. Binti alikuwa ameziba mdomo wa tumbo la injini kwa kitambaa, mjomba akakiondoa aone vizuri. Klipu ya pili ikaruka. Tukasikia mlio mdogo, basi.

Kupoteza klipu si hoja, ni shilingi chache. Hoja ni mahali ilipoangukia: ikiwa tumboni mwa injini, siku ya kuwasha itasaga kila kitu. Kwa hiyo hakuna aliyeruhusiwa kuondoka. Tuliinua mkeka, tukakung'uta khanga yangu, tukakagua ungo wa maharage haragwe kwa haragwe, baba watoto akiwa amepiga magoti na tochi. Kitinda mimba ndiye aliyeenda kuchukua sumaku ya spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya maharage niliyokwisha kuyachambua, na klipu ikaruka ikanata. Jikoni tulipiga vigelegele kama arusi.

Siku ya kunoa mnyororo, binti alimweleza mdogo wake kwamba umbo la meno yake lilitokana na mdudu. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa Oregon, Marekani, Joseph Cox, aliona buu akitafuna gogo huku akikata kushoto na kulia. Akaiga taya zake kwa chuma, na mwaka 1947 akaanza kuuza minyororo aliyoiunda kwenye chumba cha chini cha nyumba yake. Mtoto akageuza mnyororo mkononi, akahesabu: jino la kushoto, jino la kulia.

Msumeno uliwaka baada ya kuvutwa kamba mpya mara chache, ukatoa moshi, ukatulia. Binti akarekebisha skrubu za kabureta, akajaribu breki ya mnyororo, akavaa buti na kofia ngumu, akakata gogo la mlingoti lililokuwa uani tangu mwaka jana. Unafanya kazi hadi leo, na mjomba huuazima.

Nawaomba wenye misumeno iliyonoki stoo: msiitupe silinda kabla ya kuisafisha na kuikagua, na msinunue pistoni kabla ya kupima hewa. Pampu ya baiskeli na povu la sabuni vinatosha. Na kama nyumbani kuna msichana anayeitazama tu, mpeni spana.