Muulize Shangazi: Kamera Imenizeesha

Shikamoo Shangazi. Nimenunua kamera ya kompyuta Kariakoo kwa elfu ishirini na tano. Boksi limeandikwa 4K kwa herufi za dhahabu, lakini kwenye kikao bosi kaniuliza kama nimefiwa. Nifanyeje?
— Mzuka, Tabata

Marahaba, mwanangu. 4K ya kweli ni nukta 3840 kwa 2160, zaidi ya milioni nane, na kifaa cha kuzinasa hakiuzwi kwa bei ya kuku wawili. Ulichopewa ni kijicho kinachoona nukta chache, halafu programu inazivuta mpaka zifanane na maneno ya boksi. Siku nyingine nenda dukani na laptop yako na gazeti. Lishike umbali wa mkono mbele ya kamera. Kichwa cha habari kitasomeka kwa kamera yoyote, wewe soma matangazo ya tanzia. Herufi zikishikana, mrudishie mwenyewe. Na bosi mwambie hujafiwa, umeibiwa.

Shangazi, mume wangu hataki kusikia jina jingine ila Logitech. Naona analipia jina tu. Nani mkweli?
— Mama Bajeti, Kimara

Mama, mumeo kapata nusu. Kampuni hiyo ilianzia Uswisi mwaka 1981, na C920 yake iliyotoka 2012 mpaka leo iko madukani. Inatoa picha ya 1080p, inajitafutia fokasi, na haina makuu: inafuata utaratibu wa UVC, kwa hiyo ukichomeka USB tu, Windows, Mac au Linux inaitambua bila kudai CD.

Nusu ya pili ni yako. Kama ni vikao vya ofisi tu, mdogo wake C270 wa 720p anatosha, maana bando likilegea programu ya mkutano inaishusha picha yenyewe, hata kamera ingekuwa ya mfalme. Tena jina kubwa ndilo linaloghushiwa kwanza, basi dai risiti na waranti. Chenji ikibaki, mnunulie taa ya mezani aiweke mbele ya uso. Akiendelea kukaa na dirisha kisogoni, atatoka kivuli hata kwa kamera ya milioni.

Shangazi, mchana niko safi. Usiku nikiwasha taa, milia myeusi inanipanda usoni. Mama mkwe anasema nimerogwa.
— Pundamilia, Moshi

Hela ya mganga iweke, mwanangu. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hufifia na kung'aa mara 100 kwa sekunde, wala jicho halioni. Kamera yako imepangwa kwa umeme wa Marekani, hezi 60, ndiyo maana hawapatani. Fungua mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa 60Hz, weka 50Hz. Milia itaondoka. Mama mkwe atabaki.

Shangazi, nina usaili wa kazi kesho na mfukoni sina kitu.
— Mkavu, Mwanza

Simu unayo? iPhone inaweza kuwa kamera ya Mac tangu macOS Ventura ya 2022. Android 14, ya 2023, nayo ilileta uwezo huo kwa baadhi ya simu, kwa waya wa USB. Jaribu leo, si kesho asubuhi. Tumia kamera ya nyuma ya simu na uiinue ifike usawa wa macho, waajiri wasikusaili puani.

Shangazi, nitajuaje kwamba kamera hainitazami baada ya kikao kuisha?
— Roho Juu, Tanga

Nunua yenye kifuniko cha kuteleza, au uichomoe kabisa. Kamera ya nje ina uzuri huo: bila waya wake wa USB haioni chochote. Lakini kama anayekutazama ni jirani wa ng'ambo, huyo hana waya. Kanunue pazia.