Koma, Beba, Sepa: Kihispania Kinapotua Mikumi

Kihispania kina tabia ya kuazima sauti za watu bila kuomba. Ukimwambia mgeni "beba", umemkaribisha kinywaji. Ukimwambia "coma", inayotamkwa koma, umemsihi ale. Mswahili aliyekaa pembeni anasikia habari nyingine kabisa: mgeni wa kwanza katwishwa mzigo, wa pili kafokewa.

Mchukulie kijana wa Kilosa aliyehamia Mikumi kutafuta riziki ya utalii. Hifadhi iko mlangoni, kilomita za mraba 3,230, imekuwepo tangu 1964, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi, kiasi kwamba abiria wa basi la Mbeya humwona twiga bure huku mtalii akimlipia dola. Waongozaji wa Kiingereza wamejaa. Kijana akapiga hesabu zake: Wahispania wanakuja, Waajentina wanakuja, na mwenye kuzungumza nao lugha yao ni wa kutafuta kwa tochi. Akapakua programu kwenye simu, akanunua daftari.

Mwanzo ulikuwa mteremko. Wahispania wana umbo maalumu la kitenzi kwa mambo yanayotakiwa, yanayoombwa au yanayotiliwa shaka, nao huliita subjuntivo. Habla ni anaongea. Quiero que hable ni nataka aongee. Ile a ya mwisho imegeuka e, basi. Kwa Mswahili hilo si somo: anapumzika, nataka apumzike. Kijana aliyajua hayo Kilosa kabla hajaanza shule, tena bila ada. Hata vitenzi vikaidi si vigeni kwake, maana vyetu vilivyotoka Uarabuni navyo havitikisiki mwishoni: anajibu, nataka ajibu.

Kisha vikaja vitenzi vya kambi ya pili, vinavyoishia -er na -ir.

Hapo Kihispania hugeuza kibao, e ikawa a. Comer hutoa coma, beber hutoa beba, temer hutoa tema. Kanuni yenyewe inabebeka: shika umbo la "mimi", toa o, weka irabu ya kambi ya pili, tengo ikazaa tenga, salgo ikazaa salga. Maumbo sita tu ndiyo yanayokwenda kivyake, sea, vaya, haya, sepa, esté na dé. Kasheshe ni kwamba Wahispania hutumia maumbo hayohayo kumwagiza mtu kwa heshima. Mwongozaji mwenye adabu hawezi kuyakwepa, na mkazo wa coma, beba na tema unaangukia palepale unapoangukia katika Kiswahili.

Siku ya kwanza na wageni, chakula cha mchana kikaandaliwa chini ya mti. Kijana akamsogelea bibi mmoja wa Kihispania aliyekuwa akikitazama chakula kwa mashaka, akainama kidogo, akasema kwa upole wote: "Coma, señora, coma."

Mama mpishi akaacha mwiko hewani. "Mwanangu, mama wa watu kakukosea nini mpaka umwambie akome?"

"Hapana, mama. Namkaribisha ale."

"Ndiyo ukaribisho gani huo?"

Kijana akaona aokoe hali kwa kinywaji. "Beba, por favor, beba," akasema, akionyesha deli la soda. Msaidizi wa kambi, mtu mtiifu kuliko wote, akalinyanyua deli lote akalipeleka kwenye gari. Wageni wakala bila kinywaji.

Jioni tembo akasimama katikati ya njia, masikio wazi. "No tema," kijana akamtuliza bibi yule, yaani usiogope. Dereva alikuwa anatafuna muwa wa Kidatu; kusikia "tema" akatema kila kitu dirishani, akaomba radhi. Sepa nayo, ambayo kwa Kihispania ni "ujue", kijana aliamua kuiweka kiporo. Kumwambia mteja asepe kabla hajalipa ni kujitafutia njaa.

Lakini matamshi yana tiba, watu huzoea. Shaka ndiyo iliyomtoa jasho. Mhispania hasemi "treni itakapofika" kwa uhakika wa Kiswahili. Husema cuando llegue el tren, kwa umbo lilelile la mambo ambayo hayajawa, kwa sababu treni bado haijafika na kisichofika hakiaminiki. Kijana akaliona hilo gumu, akampigia simu baba yake mdogo, mstaafu wa reli pale Kilosa. Mzee akacheka mpaka akakohoa. Ameona mto Mkondoa ukifurika mwishoni mwa 2009 na kuingia 2010, ukazoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na abiria wakabaki na tiketi mkononi.

"Hao Wahispania," mzee akauliza, "wamewahi kukaa Kilosa?"

Kwa reli ya kisasa inayopita Kilosa na kufika Dodoma tangu 2024, mzee alikuwa tayari kulegeza kamba kidogo. Kijana akamweleza kwamba sarufi hailegezi: hata treni ya umeme, kabla haijatia pua stesheni, ni llegue. Mzee akasema hiyo ni lugha ya watu walioona mambo. Akafurahi zaidi kusikia kuhusu ojalá, neno la kutumaini ambalo Wahispania walilipata kwa Waarabu wa Andalusia, lenye maana ya Mungu akipenda, na ambalo kila likitangulia hudai umbo hilohilo: ojalá llegue. Sisi husema inshallah itafika, tukaendelea na kitenzi kama kawaida; wao hata baada ya kumtaja Mungu bado hawathubutu kusema itafika.

Kijana alielewa somo lote siku mgeni mmoja alipoingia ofisini akisema: "Busco un guía que hable español." Natafuta mwongozaji anayeongea Kihispania. Si habla, hable. Yaani mgeni hana hakika kama mtu huyo yupo duniani, seuze Mikumi. Kijana akahisi ametukanwa kwa irabu moja. Akajipiga kifua, akajibu kwa umbo la uhakika: yeye ndiye guía que habla español.

Mgeni akaamini. Akafungua mdomo, na Kihispania kikatoka kwa mwendo wa basi la Mbeya kabla ya kuona tochi za trafiki. Kijana alidaka "que" nne na jina la simba. Jasho likamtiririka, na katika kutapatapa ikamtoka sentensi safi kuliko zote alizowahi kutunga: "Quiero que hable despacio, por favor." Nataka uongee polepole, tafadhali.

Mgeni akaduwaa. Akamsifu kwa subjuntivo isiyo na dosari, akamshika mkono, kisha akaongeza kasi.