Tipa Limepita, Choo Kimegoma

Jamani, Dar hii nyumba zilizoungwa kwenye mabomba ya maji taka ya serikali ni chache, na ya kwangu haimo. Kila mtu na shimo lake. Likijaa unaita gari la kunyonya, linanyonya, linaenda kumwaga kwenye mabwawa ya Vingunguti, unalipa, unanuna. Hilo nimelizoea. Tipa ndilo sijalizoea.

Mama Junior kaagiza mchanga, anataka ukuta upigwe lipu. Sikuulizwa. Nyumba hii mimi huulizwa hela, maoni siulizwi. Tipa likaingia kinyumenyume, utingo anapiga bati, "Njoo, njoo, bado, njoo!" Mara chini ya tairi, kaa! Dereva akashusha kioo. "Mzee, hapa chini kuna nini?" Nimjibu nini? Kiwanja changu, nalipia kodi, kilichomo chini sikijui. Nikamwambia hamna kitu. Akamwaga, akachukua chake, akapotea.

Jioni choo kikagoma. Unavuta maji, yanapanda. Yanafika ukingoni, yanasimama pale pale, yanakutazama. Na mama mkwe yupo! Katoka Korogwe kuja kutibiwa macho. Mama Junior akaninong'oneza, "Baba Junior, mama anataka kwenda." Aende wapi? Kwa jirani. Basi mama mkwe huyo, kanga mbili, kopo mkononi, anakatiza uwanja mzima, anapita mbele yangu. Nikamwamkia. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba." Akaishia hapo. Bora angenitukana.

Fundi akaja. Swali la kwanza, "Bosi, bomba linapita wapi?" Hivi hayo nayajuaje mimi? Aliyelichimbia alifukia, akalipwa, akahamia Kahama kwenye dhahabu. Ramani hakuacha. Fundi akafunua chemba iliyo karibu na choo, imefurika. Akafunua ile ya karibu na shimo, kavu. Akacheka. "Limevunjika hapa katikati." Na hapo katikati ndipo palipomwagwa mchanga. Tripu nzima! Mama Junior mgongo unamuuma, Junior ana mtihani, kwa hiyo saidia fundi ni mwenye nyumba. Kupumzika kidogo nikataka kuchungulia lile shimo kubwa, fundi akanivuta shati. Kumbe hewa ya mle inaua, na ukiwasha kiberiti inaweza kulipuka. Mimi nilidhani inanuka tu.

Tukachimba. Bomba la inchi 4, wenyewe madukani wanaita milimita 110, hata futi moja chini halifiki. Limelala juu ya mawe, halina mchanga wala nini. Limebonyea, limepasuka, linavuja. Nikatoa wazo: tufunge rambo, tukaze na mpira wa baiskeli. Fundi akanitazama muda mrefu. Mama Junior akadakia, "Rambo zimepigwa marufuku tangu Juni 2019, unataka tufungwe?" Yaani siku hizi hata kubana matumizi ni kesi.

Nikatumwa soketi. Kijana wa dukani akauliza, ya maji safi au maji taka? Klasi ipi? Nikamwambia ile nzuri. Akanipa elbo, nikashukuru. Nikarudishwa mbio, wateja wamejaa, kijana anasimulia.

Ufundi wenyewe, nilivyouona nikiwa nimeshika koleo, ni huu. Unakata kipande kibovu kwa msumeno wa chuma, unakata pande zote mbili mpaka ufike penye uzima, na unakata wima, si mshazari. Unapiga msasa, unafuta matope. Kipande kipya kinaingiaje wakati ncha mbili za zamani zimekwama ardhini? Fundi alikwangua ule ukingo wa ndani ya soketi mbili, soketi zikateleza zote kwenye bomba la zamani, akaweka kipande, akapaka gundi, akazirudisha haraka zifunike maungio. Kuna mafundi wanachoma bomba kwa moto litanuke. Huyu hataki, anasema ukishalichoma umelidhoofisha. Kisha pima maji. Kila mita 1 lishuke kama sentimita 2 na nusu. Likilala, uchafu unalala nalo. Chini likatandikiwa mchanga, na juu litafunikwa mchanga wakati wa kufukia. Mama Junior akasema, "Unaona faida ya mchanga wangu?" Nikakaa kimya.

Nikataka kufukia. Fundi akafoka, hufukii kabla hujapima! Nikaingizwa chooni na bluu ya kufulia. Fundi yuko nje anapaza sauti, "Bosi, vuta!" Navuta. "Bosi, vuta tena!" Mtaa mzima umejua bosi anavuta. Mama mkwe yupo barazani, anasikia. Maji ya bluu yakatokea chemba ya pili, maungio makavu, fundi akataka chake.

Sasa sikilizeni, wenzangu. Mtaro ukiwa bado wazi, piga picha. Pima kutoka ukutani mpaka kwenye bomba, andika, weka pamoja na hati ya kiwanja. Panapopita gari, bomba lishuke chini zaidi au limwagiwe zege juu. Na mchanga, hata kama mama watoto kashalipia, umwagwe nje ya geti.