Vyuma vya Dirisha

Katika mkutano wa wazazi shuleni kwa mwanangu tuliketi saa tatu nzima. Mbili ziliishia kwenye wastani wa alama za mtihani wa KCSE, nusu saa kwenye basi jipya, iliyosalia kwenye chai na mandazi. Mama mmoja akathubutu kuuliza mbona madirisha ya bweni yana vyuma. Tukamgeukia kama mtu aliyedai deni matangani. "Mama, hivyo ni vya wezi," akajibiwa. Tukapiga makofi.

Mwongozo wa usalama wa shule za Kenya wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na vyuma, milango ifungukie nje, na baina ya vitanda kuwe na mita 1.2. Wavulana 67 walikuwa wameshateketea katika bweni la shule ya Kyanguli mwaka 2001. Mwaka 2024 wakafa wengine 21 katika moto wa bweni huko Endarasha, na kwa wiki mbili hivi kila Mkenya akawa mkaguzi wa mabweni. Kisha matokeo ya mtihani yakatoka.

Sisi tumepanda kidogo, na wanaoomba nafasi ni wengi. Vitanda vitasogezwa, tumeambiwa.