Ewe Waranti ya Injini na Gia Boksi, Pokea Sifa Zako

Watu wa Kimara tumesifu mengi. Tumeisifu barabara ya njia nane iendayo Kibaha, ingawa mwaka 2017 wapo waliobomolewa nyumba ili ipite. Tumeusifu usafiri wa mabasi ya mwendokasi tangu ulipoanza mwaka 2016, tukautukana, kisha tukausifu tena siku ya mvua. Lakini sijasikia mtu yeyote, si kijiweni wala kwenye kikao cha harusi, akiisemea mema ile karatasi ndogo unayopewa yadi siku unayonunua gari: waranti ya miezi mitatu, injini na gia boksi. Kazi hiyo naibeba mimi leo, bila malipo.

Karatasi yenyewe haina makuu. Yangu ni nusu ya A4, imetolewa fotokopi juu ya fotokopi hadi nembo ya yadi imebaki doa jeusi. Ina muhuri wa bluu, nafasi ya sahihi, na sentensi mbili. Ya kwanza inasema yadi itawajibika kwa injini na gia boksi kwa miezi mitatu. Ya pili inasema mnunuzi amelikagua gari na ameridhika nalo. Hiyo ya pili nitaifikia. Ni fupi, lakini ndiyo inayofanya kazi yote.

Kwanza hekima yake. Katika viungo vyote vya gari, waranti imechagua viwili ambavyo Mjapani alivitengeneza visife upesi. Injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST na ndugu zake kadhaa inatembea kilomita laki mbili na kupita, mradi ipate oili kwa wakati. Kuidhamini miezi mitatu ni sawa na kuudhamini Mlima Kilimanjaro usihame kabla ya Pasaka. Vinavyokufa ni vingine: bushi, shokapu, boljointi, koili za plagi, pampu ya maji, feni ya rejeta, kompresa ya AC, mota ya kioo cha dereva. Vyote hivyo waranti imevikabidhi kwa Mwenyezi Mungu na kwa mwenye gari. Na kwa sisi tunaokaa huku ndani, Golani na upande wa Bonyokwa, ambako barabara za mitaani ni mawe na makorongo yaliyochimbwa na masika, Mungu ana kazi nyingi.

Waranti pia ni mwalimu wa lugha na adabu. Kabla hujalipa, kijana wa yadi anakuita "bosi wangu" na anakufungulia mlango. Ukishalipa unakuwa "kaka". Ukirudi na tatizo unakuwa "mzee wangu, vumilia kidogo", hata kama umri wenu ni mmoja. Ukirudi tena na tena, simu inapokewa na mtu mwingine anayekuuliza wewe ni nani na gari lipi. Shule gani nyingine inamfundisha mtu unyenyekevu kwa hatua zilizopangika hivyo?

Kilele cha sifa zake, hata hivyo, nilikiona siku gari langu lilipochemsha kwenye kilima, nikitokea Bonyokwa. Taa nyekundu ya joto iliwaka, mvuke ukatoka chini ya boneti, na watoto wa jirani wakaja kunipa pole huku wakicheka. Gari lilipopoa nikalisindikiza hadi yadi, polepole, na madumu ya maji kwenye siti ya nyuma. Kijana akalitazama.

"Kaka, kilichoharibika nini?"

Nikamwambia injini imechemsha.

"Injini imechemsha, sawa. Lakini iliyoharibika ni rejeta. Rejeta siyo injini."

Nikamweleza kuwa kazi ya rejeta ni kuipoza injini.

"Ndiyo maana ikaitwa rejeta," akasema, kwa upole wa mwalimu wa madrasa.

Nikamuuliza: na rejeta hii ikiiua injini, je? Akafikiri kidogo. "Hapo injini itakuwa imekufa kwa kuchemsha. Na kuchemsha, mzee wangu, ni uendeshaji."

Niambieni ni wakili gani mjini hapa amewahi kufunga hoja namna hiyo. Waranti inailinda injini dhidi ya maradhi yote isipokuwa yale yanayoua injini. Oili ikiisha, ni uzembe wako. Ikichemsha, ni mguu wako. Mkanda wa taimingi ukikatika, mkanda ni mpira, na injini ni chuma. Nilitoka pale nikiwa na heshima kubwa kuliko niliyoingia nayo, na rejeta ileile.

Kwa hisani yao walinipa fundi wa yadi. Ni lazima awe wa yadi, maana waranti ina wivu: fundi mwingine akifungua hata boliti moja, imekufa papo hapo. Fundi huyo alikuwa msibani Kibaha. Aliporudi alichomoa thamostati, akaitazama kama mtu aliyeokota jino, akaitupa kwenye kopo. "Hii ni ya nchi za baridi. Huku haitakiwi." Kisha akamwaga kulanti yenye rangi ya kijani, akajaza maji ya bomba. Wasomi wa injini watapinga. Watasema thamostati huiwezesha injini kufikia joto lake la kazi na kubaki nalo, na kwamba maji matupu hulea kutu ndani ya rejeta. Watasema kweli, lakini wao hawana waranti.

Kumsubiri fundi kuna faida zake. Mtu aliyeketi ndani ya gari bovu kutwa nzima hulisoma gari. Mimi nilisoma kibandiko kidogo kwenye fremu ya mlango wa dereva, kilichoandikwa Kijapani, cha aina ambayo gereji za kwao hubandika zikishabadilisha oili. Maandishi siyajui, lakini tarakimu ni tarakimu. Mwaka uliandikwa 24, kwa hesabu ya enzi ya Heisei iliyoanza 1989, yaani 2012. Kilomita zilikuwa laki moja na kumi na mbili elfu. Nikatazama dashibodi: sabini na nane elfu. Gari langu lilikuwa limevuka bahari likirudi ujanani. Kwa wale wasiopata nafasi ya kukaa yadi muda mrefu kama mimi, hilo ndilo darasa la bure, na bila waranti nisingelihudhuria.

Nilijifunza pia kwamba yule dada wa Kijapani anayezungumza kila ninapowasha gari hanisalimii. Ananikumbusha kuwa sijaingiza kadi ya kulipia barabara za kwao. Na redio haikamati vituo vya juu kwa sababu masafa ya FM ya Japani yaliishia 90, hivyo nikanunua kifaa cha kuyapanua. Redio haimo kwenye waranti. Wala sikuuliza.

Kuhusu taa ya injini, ile ya njano, nayo ina sifa zake ndani ya mfumo huu. Fundi anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma kodi, anabonyeza kufuta, taa inazimika. "Tayari." Kompyuta ya gari huhitaji gari liendeshwe kwa muda ndipo ipime upya na kuigundua tena kasoro ileile, kwa hiyo taa iliyozimwa yadi asubuhi ina adabu ya kusubiri uondoke kabla haijawaka. Yangu huwa inanivumilia hadi Ubungo.

Sitaki kusahau mchango wake kwa uchumi. Koili moja iliyokufa Kimara inamlisha muuza spea wa Gerezani, bodaboda aliyeifuata, fundi aliyeifunga, kijana aliyemshikia fundi tochi, na mama ntilie anayewauzia wote wali maharage. Na wakati gari limelala gereji, mwenye gari anarudi kituoni Kimara Mwisho, anapanga foleni na majirani ambao hakuwa ameonana nao tangu anunue gari. Tumeulizana hali za wazazi, tumechangiana misiba. Gari zima lisingetufanyia hivyo.

Mwaka 1970 Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alisema muuzaji anajua ubovu wa gari lake na mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anatoa bei ya wasiwasi, wenye magari mazuri wanakataa bei hiyo, na sokoni yanabaki mabovu. Waranti, alisema, ni moja ya dawa, kwa kuwa hatari inahamia kwa muuzaji. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Namheshimu, ila hakufika kwetu. Hapa muuzaji naye mara nyingi alilinunua gari kwa kutazama picha, na hajui. Mnunuzi hajui. Na waranti inahamisha hatari kutoka kwa mnunuzi kwenda kwa mnunuzi. Serikali ndiyo yenye fununu: mamlaka ya mapato, TRA, hutoza ushuru wa ziada wa uchakavu gari likizidi miaka minane, na gari hilohilo likitoka bandarini linaandikwa kwenye kioo "jipya, halijatumika Tanzania".

Sasa ile sentensi ya pili. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, iliyorithi mengi kutoka sheria ya Waingereza ya 1893, inasema kuwa ukimweleza mfanyabiashara kazi unayotaka bidhaa ikufanyie, ukautegemea ujuzi wake, bidhaa hiyo inapaswa kuifaa kazi hiyo. Haisemi injini na gia boksi. Inasema bidhaa, yaani rejeta ndani, AC ndani, kioo cha dereva ndani. Ipo pia Tume ya Ushindani, chini ya sheria ya mwaka 2003, ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi zake. Kumbe kabla hujapewa karatasi yoyote ulikuwa na haki nyingi kuliko zilizomo kwenye karatasi!

Lakini sheria hiyohiyo inaruhusu muuzaji na mnunuzi kukubaliana vinginevyo, na inasema aliyeikagua bidhaa hana la kusema juu ya kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzionyesha. Hapo ndipo "amelikagua gari na ameridhika nalo" inapopata uzito wake. Unasaini ukiwa umesimama juani, ufunguo uko mkononi, shemeji anapiga picha za kutuma kwenye kundi la familia. Sentensi ya kwanza inakupa viungo viwili visivyokufa. Ya pili inampa muuzaji hoja ya kukujibu kwa vingine vyote. Nimesoma mikataba ya nyumba, ya mikopo na ya simu, na sijaona karatasi iliyotumia wino mdogo hivyo kumnyang'anya mtu vitu vingi hivyo.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda yadi, nenda na fundi wako mwenyewe, asiyekula na yadi. Mwombe achomeke mashine yake kabla na baada ya kuliendesha gari mwendo wa kutosha, na ulipandishe kilima halisi. Soma tarakimu za mlangoni. Kisha, wakikuletea ile nusu karatasi, uichukue kwa mikono miwili kama inavyostahili, utoe kalamu, uikate sentensi ya pili, na mbele ya "gia boksi" uongeze kwa mwandiko unaosomeka: rejeta, pampu ya maji, AC, koili. Muuzaji naye asaini pembeni. Akiuliza kwa nini unamchafulia karatasi yake, mwambie unaiongezea sifa.