Aina Nne za Askari, kwa Mujibu wa Mtaalamu Mwenyewe

Jeshi la kujitolea ni lile ambalo askari wake wamejiunga kwa hiari, kwa mkataba na kwa mshahara. Hutofautishwa na jeshi la lazima, mgambo na mamluki. Mpangilio huu umefafanuliwa kikamilifu na Mtaalamu wa Majeshi, mtu mnyenyekevu asiyependa kutajwa, ambaye hapa atatajwa panapobidi tu.

Kanuni ya kwanza ya Mtaalamu ni kwamba askari wa hiari haasi. Aliitangaza kanuni hiyo jijini Dar es Salaam, akiwa amevaa gwanda aliloshonesha kwa fundi na bereti iliyoinamia sikio, kwenye ukumbi usio mbali na kambi ya Lugalo. Zamani kambi hiyo iliitwa Colito. Ndiko askari wa Tanganyika Rifles, ambao hakuna aliyewalazimisha kujiunga, walikoasi tarehe 20 Januari 1964, wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao Waingereza na kudai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika. Maasi yakafika Tabora. Ikabidi serikali iombe makomando wa Uingereza, waliotua tarehe 25. Jeshi lile likavunjwa, na Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa 1 Septemba mwaka huohuo. Mtaalamu analiita tukio zima "tofauti ndogo isiyogusa kanuni". Hata Marekani, ilipoachana na uandikishaji wa lazima mwaka 1973, ilikuwa imekwisha kupandisha mshahara wa kuruta, kwa sababu hiari nayo hula.

Jeshi la lazima huundwa kwa sheria: kijana hufikisha umri, jina lake huitwa, naye huenda. Kanuni ya pili inasema askari wa namna hii hawashindi vita. Ufaransa, iliyowaita vijana wake wote wasiooa kwa amri ya 23 Agosti 1793, iliwashinda Waaustria pale Fleurus mwaka uliofuata bila kuisoma kanuni hiyo. Tanzania ilipotaka wasomi wapitie Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba 1966, wakilalamikia pia makato ya mshahara. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, kisha akajipunguzia mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Mtaalamu amewatetea wanafunzi hao kwa kurasa nyingi. Yeye mwenyewe, zamu yake ilipofika, aligundulika kuwa na nyayo bapa wiki ileile barua ya wito ilipoletwa. Nyayo zilipona sheria iliposimamishwa mwaka 1994.

Mgambo ni raia wenye kazi zao, waliofunzwa ili waitwe panapotokea haja. Hapa Mtaalamu hucheka kidogo, maana kwake mgambo ni mtu wa kukimbizana na machinga sokoni. Kisha hunyanyua kidole na kumtaja Machiavelli, "mwenzetu", aliyehubiri kwamba dola itegemee raia wake wenye silaha na iwakimbie askari wa kukodi. Ni kweli alihubiri, na mwaka 1506 alisimamia uundaji wa mgambo wa Florence. Mwaka 1512 mgambo huo ulikutana na Wahispania wazoefu pale Prato ukatimua mbio. Mji ukaporwa, Machiavelli akapoteza cheo. Mwaka uliofuata aliandika kitabu akishauri jambo lilelile, na labda hapo ndipo undugu wao ulipo. Ama mgambo ambao Mtaalamu aliwacheka, maelfu yao waliingizwa jeshini Idi Amin alipoivamia Kagera mwaka 1978, na Kampala ilianguka 11 Aprili 1979.

Mamluki hupigania malipo katika vita visivyo vya nchi yake. Kwa Mtaalamu huyu ndiye kilele cha weledi, na mfano anaoupenda ni Mike Hoare, aliyepata sifa Kongo mwaka 1964. Haendelei hadi 25 Novemba 1981, siku ambayo Hoare na wenzake zaidi ya 40 walitua Ushelisheli kuipindua serikali, wakijifanya chama cha wanywaji bia waliokuja likizo. Ofisa wa forodha alifungua begi moja, akakuta bunduki. Wataalamu wale wakapigana uwanja wa ndege, wakateka ndege ya Air India, wakakimbilia Durban, na Hoare akafungwa.

Kisheria, Protokali ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva inataka masharti sita yatimie yote kwa pamoja ndipo mtu aitwe mamluki, na ndiyo maana karibu kila mmoja huponyoka. Sharti mojawapo ni kuvutwa na faida binafsi. Mtaalamu, ambaye hapandi jukwaani kabla bahasha ya posho haijahesabiwa mara mbili, hulipita sharti hilo kwa haraka na kusimama kwenye lingine: kushiriki mapigano moja kwa moja. Kwa hilo hakuna awezaye kumshtaki.